Mabati Hayanunui Winga

Temeke,
4 Novemba 1951

Kwa ndugu yangu Nassibu bin Mfaume, Tanga.

Assalaam alaikum. Nakuandikia nikiwa mzima, ila goti la kulia linaniuma kila wingu linapotanda, na vuli ya mwaka huu haina adabu. Bi Tabu anakusalimu. Bintiye kajifungua mtoto wa kike juzi Ijumaa, na mama na mwana hawajambo. Mwanao Shomari naye hajambo. Amerefuka mpaka anainama mlangoni, na anakula sahani ya watu wawili. Usiniulize nampa nini, we shukuru anakula.

Nina neno, Nassibu, na nataka ulisome umekaa.

Unajua kuwa sisi wanawake wa klabu ya Mwangaza tumecheza ngoma ya lelemama miaka mitatu kwenye harusi za watu, Keko, Kurasini, hadi Kigamboni, na kila tulichotuzwa tulinunua bati. Mabati hayo yamepangwa uani kwangu, nimeyafunika majamvi. Ni ya kuezeka nyumba yetu ya klabu. Wanaume wana baraza la Mzee Bakari. Sisi tukitaka kukutana twakaa jikoni kwa mtu, na mwenye nyumba akirudi na hasira zake twaondoka na sufuria zetu mikononi. Nimechoka kuinuliwa mkekani kama kuku.

Sasa Jumapili iliyopita Mzee Bakari, mwenyekiti wetu, kaitisha mkutano. Kasema timu yetu ya mpira imefungwa mno, vijana wa Ilala wametutungia na nyimbo, na dawa yake ni mtu mmoja tu: Albano, winga wa kushoto wa timu ya shamba la mkonge huko kwenu Tanga. Nikauliza atakuja vipi. Akanijibu, "Binti Mfaume, mtu kama yule haokotwi njiani. Anaposwa." Na kweli wanataka kumposa kama mwari! Kuna mshenga, kuna kishika uchumba, kuna kilemba cha wazee wa timu yake, na mkaja sijui wa nani. Mahari itoke wapi? Wote wakageuka wakatazama upande wa wanawake.

Nilisimama, nikasema mabati hayanunui winga. Bakari akasema mpira ni mambo ya wanaume. Nikamwambia, "Basi uchezeni kwa mali za wanaume."

Na wala sikatai kwa ubishi mtupu. Yupo kijana hapahapa Temeke, naye ni winga wa kushoto. Hataki kilemba wala mkaja, anataka jezi na mtu wa kumwambia ingia. Usiache mbachao kwa msala upitao. Bakari anasema kijana huyo hana jina. Mtu atapataje jina naye hachezeshwi?

Nasikia wamekuteua wewe kuwa mshenga kwa vile uko huko. Usinyanyue mguu. Usiweke kishika uchumba, hata sindano, mpaka usikie kwangu.

Dada yako,
Hamisa binti Mfaume


Tanga,
25 Novemba 1951

Dada Hamisa, shikamoo.

Barua yako imenifikia imelowa, nimeianika juu ya kiti kabla ya kuisoma. Mie mzima. Mke wangu mzima, anauliza kama goti umelikanda kwa mafuta ya nazi yenye chumvi. Mwambie Bi Tabu hongera ya mjukuu.

Sasa dada yangu, umeandika kama mtu anayegombana na mimi, nami sijasema kitu. Lakini hujamwona Albano. Mimi nimemwona. Anapokea mpira kwa kifua, unashuka mguuni bila kelele, halafu beki anabaki anatafuta kofia yake. Wazungu wa shamba wanasimamisha magari kumtazama. Mtu kama huyo akivaa jezi ya Mwangaza, hao wa Ilala watasahau nyimbo zao.

Ni kweli wazee wa timu yake wana masharti. Wanataka kilemba cha mzee wao. Mkewe, Filomena, anataka cherehani, maana hapa anayo ya kuazima. Albano mwenyewe anataka kazi isiyo ya kubeba mizigo, na chumba chenye dirisha. Hayo ni mengi kwa mtu atakayetutoa aibu? Mabati yatanunuliwa mengine. Harusi hazitaisha Dar es Salaam.

Kuhusu kishika uchumba, hayo tutazungumza.

Huyo kijana wako hujamtaja jina. Ni mwana wa nani? Mimi nilizaliwa Temeke, hakuna mtu huko nisiyemjua baba yake.

Shomari anaendeleaje na masomo ya taipu? Amwambie mwalimu wake amkazanie, nimeshasema naye karani mkuu wa hapa na nafasi itapatikana mwakani. Na nakukumbusha tena, dada, mwanangu asiguse mpira. Mguu wangu unaujua. Ulivunjika uwanjani mchana kweupe, watu wakishangilia, na walioshangilia hakuna hata mmoja aliyeniletea uji. Sitaki naye aje kuchechemea kwa sababu ya kelele za watu.

Nduguyo mtiifu,
Nassibu


Temeke,
16 Desemba 1951

Nassibu, ndugu yangu,

Salaam nyingi. Maulidi ya mfungo sita tumesoma vizuri, pilau ilikuwa ya kutosha na bado Mzee Bakari akalalamika kuwa nyama ilikuwa ngumu. Meno ndiyo laini, nyama haikuwa na kosa. Goti nimelikanda kama alivyosema wifi yangu, nalo limetulia. Shomari anakusalimu. Kuhusu taipu, vidole vyake ni vizima.

Unaniambia Albano anashusha mpira bila kelele. Sawa. Mimi sikusema hajui. Nimesema hatumwezi, na hata tungemweza, akija tutakuwa na winga na hatuna mahali pa kumweka mwenzetu akifiwa. Unakumbuka msiba wa mama yake Tabu? Tulikaa nje kwenye mvua, maiti imo ndani kwa jirani, na jirani anachungulia kuona kama tumeondoka. Wewe ulikuwa Tanga. Mimi nilikuwa pale, na siku ile nilijiapiza. Ndiyo maana nakwambia, Nassibu, hata malaika akishuka na jezi mgongoni sitoi bati.

Wiki iliyopita Bakari alikuja na mkokoteni na vijana wawili. Kaja kuchukua mabati "kwa matumizi ya klabu". Kafika uani kakuta majamvi yamekunjwa na hakuna kitu. Kaniuliza, "Yako wapi?" Nikamwambia yamelala.

Na kweli yamelala. Usiku wa kuamkia siku ile kila mwanamke wa lelemama alikuja kuchukua lake, kalifunga kwa khanga lisilie, kaenda kulitia uvunguni mwa kitanda chake. Bati moja hapa, mawili pale, mpaka Keko. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Bakari sidhani kama atathubutu kuinama kwenye vitanda vya wake za watu. Karudi na mkokoteni mtupu. Vijana wake walikuwa wanacheka wamejiziba midomo.

Kuhusu huyo kijana wetu. Walimjaribu uwanja wa Chang'ombe, baada ya mimi kusema nitapiga kelele barazani kila asubuhi mpaka wamjaribu. Alicheza peku, maana njumu hana. Beki wao alimkanyaga dakika za mwanzo kwa makusudi, nami nilimwona alivyouma mdomo. Hakulia wala hakulipiza. Mara ya pili beki akaja vilevile, kijana akasimama tu na mpira, kama mtu anayengoja chenji dukani, beki akapita na kasi yake mpaka nje ya mstari. Tulicheka hadi Tabu akakaa chini. Kisha akapiga krosi. Hakuna aliyekuwepo kuipokea, lakini hiyo si shida yake.

Jina lake litakusaidia nini? Ungelijua ungesema ni mtoto tu.

Sema na wazee wa Albano kwa adabu. Waambie wenye mali hawajaridhia.

Dada yako,
Hamisa


Tanga,
20 Januari 1952

Dada, shikamoo.

Huku kwema. Mtoto wetu mdogo alikuwa na surua, ameshapona. Nimechelewa kujibu na si kwa sababu ya surua.

Barua yako ya kwanza, ile iliyolowa, ilinikuta nimeshaweka kishika uchumba. Nilipokwambia tutazungumza, mambo yalikuwa yamekwisha. Mzee Bakari alinipelekea salamu kwa dereva wa lori kwamba mambo yameiva, mahari ipo, niwahi kabla klabu za mjini hazijamposa. Nami niliwahi. Nilikwenda kwa wazee wa timu ya Albano nimevaa kanzu na koti, nikaeleza kwa mafumbo kama inavyotakiwa, kwamba tumeona ua katika bustani yao. Wakauliza tumekuja na nini cha kulishikia. Sikuwa na kitu. Nikawaachia baiskeli yangu.

Usinicheke. Unajua desturi. Mposaji akighairi, kishika uchumba hakirudi. Sasa natembea kwa miguu kwenda kazini, na mguu wenyewe ndio huu. Nikipita mbele ya baraza lao wananiuliza, "Mshenga, wenyewe wanakuja lini?" Jana mtoto wa mmoja wao alikuwa anaipanda, kaning'iniza miguu haifiki chini.

Dada, nakuomba. Sikuombi yote. Toeni mabati nusu tu, tupeleke kilemba na cherehani, hayo mengine Albano atangoja. Nimeweka jina la baba yetu mbele ya watu. Nilisema "sisi watoto wa Mfaume hatugeuki". Unataka nigeuke?

Nassibu


Temeke,
17 Februari 1952

Nassibu,

Salaam. Mfalme wa Waingereza amefariki, bendera zimeshushwa nusu mlingoti, na michezo ilisimamishwa. Umekwisha sikia. Sisi tupo wazima.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nikapandwa na hasira, kwa sababu ulipokuwa unaniandikia mwezi wa Novemba ukinisifia kifua cha Albano ulikuwa umeshatoa baiskeli, na hukusema. Uliniacha nabishana na ukuta.

Sasa nisikilize. Mshenga hutumwa na mwenye mahari. Wewe umetumwa na Bakari, na Bakari hana hata bati la kuzibia banda lake la kuku. Umeposa peke yako, basi oa peke yako. Mchukue Albano umweke chumbani kwako, mkeo amkaribishe Filomena, mle ugali pamoja. Mabati hayatoki. Si nusu, si robo, si lililotoboka. Na jina la baba usinitishie nalo, hata mimi ni mtoto wake. Watoto wa Mfaume hawageuki, ndivyo ulivyosema. Basi mimi nami sigeuki.

Na kwa kuwa umefichua lako, na mimi nafichua langu, wala sikuombi radhi. Yule kijana wa krosi ni Shomari. Ni Shomari wako. Darasa la taipu aliliacha Ramadhani ya mwaka jana. Anapakia mbao Keko, analipwa kila Jumamosi, na jioni anacheza. Jezi yake nimeishona mimi kwa mkono wangu. Nilijua umekataza. Nilikuwa nafunga mlango akienda mazoezini ili nisimwone akitoka, kusudi nikiulizwa niseme sikumwona, mpaka siku moja nikajiona mjinga. Nikaufungua mlango nikamwambia, "Nenda, na urudi na njaa."

Kabla ya msiba wa Mfalme tulicheza na Ilala. Bakari alimwingiza kwa shingo upande, baada ya winga wake kuumia. Tulishinda mbili kwa moja. Goli la pili krosi ilikuwa ya mwanao. Hawajaimba tangu siku hiyo.

Naujua mguu wako, Nassibu. Mimi ndiye niliyekuletea uji, umesahau? Umeandika hakuna hata mmoja. Iliniuma hiyo, kuliko hata habari ya baiskeli.

Hamisa


Temeke,
20 Aprili 1952

Nassibu,

Salaam. Miezi miwili hujaniandikia. Nimeuliza kwa madereva wa Tanga, wanasema u mzima, unatembea na fimbo. Kama umenuna, nuna. Mimi nitaandika, stempu nanunua mwenyewe.

Masika imeanza. Nyumba tumeiezeka. Wanawake walitoa mabati uvunguni siku moja, wakaja nayo vichwani kwa mstari kutoka kila upande, na watoto wakidhani ni ngoma wakatufuata. Mafundi tuliwapikia wenyewe. Mabati yametosha upande wa mbele tu, kwa sababu mawili yaliliwa na kutu na mengine nilikosea hesabu, nilidhani nyumba ina upande mmoja. Usicheke. Upande wa nyuma tumetia makuti kwa sasa. Mvua ya kwanza ilipopiga tulikuwa ndani wote, hatusikilizani kwa kishindo cha bati, na hakuna aliyetaka kuondoka.

Bakari alikuja akasimama mlangoni. Nikamwambia, "Karibu, Mzee, lakini viatu nje." Alivua.

Shomari anauliza kama umemkasirikia. Nimemwambia akuulize mwenyewe, akasema anaogopa. Mtu anayepita mabeki wa Ilala anakuogopa wewe.

Hamisa


Tanga,
8 Juni 1952

Dada, shikamoo. Saumu njema.

Sikununa. Nilikuwa sijui niandike nini. Kuhusu uji, umesema kweli. Sikusahau. Niliandika kwa hasira, nikakufuta wewe pamoja na wale wengine. Nisamehe.

Albano kaenda Mombasa. Klabu ya huko ilikuja na vitu vyote kwa pamoja, wakaondoka naye. Kaja kuniaga nyumbani, kasema kilemba na kishika uchumba yeye hakuvitaka, wazee ndio waliovitaka, naye alitaka kazi na dirisha tu. Ni mtu mwema. Kisha akaenda stesheni akiwa amepanda baiskeli yangu, maana wazee walikuwa wamempa awahi treni.

Sasa jambo jipya. Wiki hii wamenijia watu wawili kutoka Dar es Salaam, wamevaa vizuri, wamekuja na halua. Ni wa Nujumu, ile klabu kubwa ya Kariakoo. Wamekuja kumposa Shomari. Nilikaa nikasikiliza mtu mwingine akisema tumeona ua katika bustani yenu, nikataka kucheka na kulia. Wanasema kwa baba mtu kuna baiskeli mpya, ina taa na kengele. Kwa Shomari kazi ya ofisini, ndani, kivulini. Na kwa shangazi mtu, kwa kuwa wamesikia habari za nyumba yenu, mabati ya kumalizia upande wa nyuma.

Safari hii sijaweka wala sijapokea. Nimewaambia mwenye kulea ni dada yangu. Lakini dada, fikiri. Kazi ya ofisini ndiyo niliyokuwa namtakia, na sasa inaletwa na huo mpira niliokataza. Nyumba itakamilika. Nami nitaacha hii fimbo. Kila mtu anapata chake. Ukisema ndiyo, ninapokea.

Mwambie Shomari sijamkasirikia. Nataka kujua anamzungukaje beki, anaingia ndani au anatoka nje? Mimi nilikuwa natoka nje.

Nassibu


Temeke,
29 Juni 1952

Nassibu, ndugu yangu,

Idd Mubarak, ingawa imeshapita. Tulisali, tukala, watoto wakatapika kwa vitumbua. Nimekusamehe ule uji siku nyingi, nilikuwa nangoja uombe tu.

Jibu langu ni hapana. Usipokee baiskeli. Hao wa Nujumu wamekuja na kwangu, na halua yao, na mabati yao wameyashusha mbele ya nyumba yetu kabla hata hawajakaribishwa. Ni mazuri, mapya, yanang'aa. Tabu aliyashika akatoa machozi. Nami niliyatazama, Nassibu, nisikufiche. Nililitazama lile paa la nyuma na makuti yake, nikasikia tamaa mpaka kooni.

Kisha nikasema yarudi. Hatukuuza bati kununua mtu, wala hatuuzi mtu kununua bati. Wakaniambia mama, ni desturi tu, ni heshima. Nikawaambia heshima hiyo ni ya mwari anayeolewa akaenda kukaa na mume, huyu mnamwoza kwa nani? Mwaka mzima nimegombana na wanaume kuhusu jambo hili, leo nilipokee kwa kuwa linaingia kwangu?

Ila jambo moja nilikuwa sijafanya, na wewe hukufanya, na Bakari hakufanya. Nilimwita Shomari nikamuuliza. Nilitaka aseme anabaki. Nilimuuliza huku nikijua nitakavyowajibu wale wa Nujumu. Akainamisha kichwa akasema, "Shangazi, mie nataka kwenda. Kule kuna watu wa kuipokea krosi."

Iliniuma. Nakwambia waziwazi, iliniuma kama kwamba ni mtoto wangu wa kumzaa. Nimemshonea jezi, nimegombana na mji mzima kwa ajili yake, kijana anataka kwenda! Kisha nikamwambia, "Basi nenda. Lakini utakwenda kwa miguu yako, na hakuna atakayechukua kitu." Akasema hicho kitu hata yeye hakitaki.

Amekwenda. Ofisini wamempa kazi kwa kuwa anajua kusoma, hilo sikulizuia, hilo ni lake. Mabati wameyabeba wenyewe wakarudi nayo. Bakari hasemi nami, anasema nimetoa winga bure kama maji ya mtungini. Tabu naye hasemi nami, na huyo ndiye anayeniumiza. Nyumba ipo nusu bati nusu makuti, na mimi naingia na kutoka kichwa juu, ingawa ndani nakaa peke yangu siku nyingine.

Hamisa


Tanga,
3 Septemba 1952

Dada, shikamoo. Idd Hajj imekwenda salama, tulichinja mbuzi mmoja tukagawana nyumba tatu.

Umenikosesha baiskeli mara mbili katika mwaka mmoja. Sijui kama kuna ndugu mwingine pwani hii anayeweza kusema hivyo. Nilikasirika siku tatu, siku ya nne Shomari akaniandikia mwenyewe, kwa taipu ya ofisini, barua yenye makosa mengi. Ananiambia anaingia ndani, hatoki nje. Nimeiweka kwenye koti.

Nasikia Mwangaza watacheza na Nujumu mwezi ujao. Karani mkuu kaninyima ruhusa, siwezi kuja. Nina swali moja tu, na unijibu kweli maana nakujua kwa ukaidi: siku hiyo utakaa upande gani?

Nassibu


Temeke,
12 Oktoba 1952

Nassibu, ndugu yangu,

Salaam kwako, kwa wifi na kwa watoto. Sisi hatujambo, vuli haijaanza. Tabu ameanza tena kusema nami. Alianza kwa kuomba chumvi.

Nilikaa upande wa Mwangaza. Ningekaa wapi? Nilivaa sare ya lelemama, nikakaa mbele na wenzangu, nikaimba mpaka sauti ikakauka. Shomari alitokea na jezi ya Nujumu na njumu miguuni. Alitutazama mara moja akatazama chini. Wanawake wakazomea. Mimi sikuzomea, nikawaambia mcheze ngoma yenu, mwacheni mtoto acheze mpira.

Tulikwenda sare mpaka karibu na mwisho, na nakwambia timu yetu ilicheza, Bakari alikuwa anarukaruka amesahau umri wake. Kisha mpira ukaenda kushoto. Nilimjua kabla hajaugusa. Beki wetu akamjia kwa nguvu zote, Shomari akasimama tu, beki akapita. Akaingia ndani, kama alivyokuandikia. Hakupiga krosi. Akapiga goli mwenyewe, chini, pembeni, kipa wetu hakuinua hata mkono.

Uwanja upande wetu ulikuwa kimya. Wanawake wa Temeke wote kimya, khanga vichwani. Nami nikapiga kigelegele.

Sikukusudia, lakini kilipotoka sikukirudisha. Wenzangu wote wakanigeukia. Bakari akanigeukia kutoka upande wa pili wa uwanja. Mmoja nyuma yangu akasema, "Hamisa, wametufunga!" Nikamwambia naona, sina upofu. Shomari alikuwa amesimama katikati ya uwanja, wenzake wamemrukia, anatazama huku kwetu.

Nikapiga cha pili.

Dada yako,
Hamisa binti Mfaume